Kambare Kutoka Ronge: Ndoano ya Kununua, Maji ya Kuendea na Yale ya Kuyaacha Kabisa

Wasee wa Ronge, Mwatate, Voi mpaka Taveta, hii ni yenu.

Kila mtu ana binamu yake majuu. Na huyo binamu, hasa akiwa upande wa Minnesota, lazima siku moja akutumie video ameshika samaki mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, meno kama ya mbwa, halafu anakuambia, "Huyu anaitwa muskie." Huko Marekani na Kanada muskie ndiye bazenga wa maji baridi. Wenyewe humwita samaki wa kurusha mara elfu kumi, kwa sababu unaweza kurusha chambo mpaka bega lilie kabla hajakubali hata kukutazama.

Sisi hatuna muskie, na wala hatumhitaji. Tuko na kambare. Ana ndevu, ana nguvu, anapigana kama tauti wa stage ya Mwatate, na ukimpata jioni mnakula familia nzima. Shida ni moja: maji yake mazuri katika kaunti yetu ni maji ambayo pia yana mamba, viboko au askari wa KWS. Kwa hiyo kabla hujatoa doh kununua fimbo, soma hii mpaka mwisho. Tutaanza na samaki mwenyewe, tuje kwenye vifaa, chambo, halafu maji. Sehemu ya maji usiiruke hata ukiwa na haraka.

Kwanza jua unamtafuta nani

Kambare ni samaki asiye na magamba. Ana ndevu nane mdomoni, jozi nne, na hizo ndizo macho yake ya pili. Anazitumia kunusa, kuonja na kupapasa matope. Ndio maana maji yakichafuka, tilapia anapoteza rada lakini kambare anaendelea kula kama kawaida. Hii point ishike, tutairudia.

Pili, kambare anapumua hewa. Juu ya matamvua ana kiungo kingine kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, na ndio sababu anaishi kwenye madimbwi ambayo samaki wengine wangekufa. Akiwa na unyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa, hata kujikokota kwenye nyasi kwenda dimbwi lingine. Ukimwacha kwenye ndoo wazi, usishangae ukimkuta katikati ya uwanja.

Tatu, anakula karibu kila kitu: samaki wadogo, vyura, minyoo, wadudu, mizoga, mbegu, makombo. Hachagui kama muskie anayetaka chambo cha plastiki cha bei ya mbuzi. Hii ndiyo habari njema kwa mfuko wako.

Nne, ni samaki wa usiku. Anaanza kuzunguka jua likizama. Hii ndiyo habari mbaya, na tutaona kwa nini.

Ukubwa? Duniani aina hii imewahi kufika kilo 60. Wewe usijipangie huyo. Panga vifaa vya samaki wa kilo moja hadi tano, halafu akija mkubwa, Mungu ni mwema.

Vifaa: usinunue kila kitu uonacho dukani

Mtu akishaona video za wazungu, anaingia duka la vifaa Mombasa anatoka na sanduku zima la vitu vinavyong'aa. Pole pole, buda. Muskie ana meno ya kukata, ndio maana wavuvi wake hufunga waya wa chuma kabla ya ndoano. Kambare hana meno ya hivyo. Mdomo wake una meno madogo mengi kama msasa. Hakati laini, anaisugua. Kwa hiyo huhitaji waya. Unahitaji tu kipande cha mwisho cha nailoni nene kidogo.

Hii hapa listi ya kweli:

1. Laini ya nailoni. Kwa kambare chukua unene wa milimita 0.40 hadi 0.50. Nyembamba kuliko hiyo itakatwa na mizizi na matete kabla samaki hajafanya chochote. Kwa tilapia shuka mpaka 0.25 au 0.30, kwa sababu yeye anaona laini nene na anakataa. Mita 100 zinatosha kabisa.

2. Kipande cha mwisho. Sentimita 30 hadi 40 za nailoni ya milimita 0.60 au 0.70, kati ya laini kuu na ndoano. Hii ndiyo inayovumilia ule msasa.

3. Ndoano. Hapa wengi huchanganyikiwa na namba. Namba za kawaida, kama 4, 6, 8 na 10, kadiri inavyopanda ndoano inakuwa ndogo. Namba zenye mkwaju na sufuri, kama 1/0, 2/0, 4/0, zinafanya kinyume: kadiri inavyopanda ndoano inakuwa kubwa. Kambare mchukulie 2/0 hadi 5/0. Tilapia mchukulie 6 hadi 10. Muuzaji akikwambia "hii ni ya samaki wote", tabasamu, rudisha, endelea kutafuta.

Kama unapata ndoano ya duara, ile ncha yake imejikunja kuelekea ndani, chukua hiyo. Inamnasa samaki kwenye kona ya mdomo badala ya kumshika tumboni, na kumtoa ni rahisi. Ila ina masharti yake: usivute kwa nguvu samaki akigusa. Mwache aende, laini ikaze yenyewe, ndipo uanze kurudisha. Ukivuta ghafla kama mtu anayeng'oa muhogo, unamtoa ndoano mdomoni.

4. Chubwi. Kile kitu kizito cha kuzamisha chambo. Cha dukani ni risasi, lakini plagi kuukuu ya nduthi au nati nzito inafanya kazi ileile. Pita kwa fundi wa pikipiki, omba, utapewa bure.

5. Kiungo cha kuzunguka. Kale kachuma kenye matundu mawili kanakojizungusha. Kazi yake ni kuzuia laini isijipinde kambare akianza kujiviringisha, na kambare hujiviringisha sana. Ni ka bei rahisi, kasikukose.

6. Fimbo na rili. Si lazima. Wazee wengi wa ziwani wanatumia laini ya mkono iliyozungushwa kwenye kijiti au chupa ya plastiki, na wanatoa samaki kuliko wewe na fimbo yako. Ukitaka fimbo, chagua fupi na ngumu kiasi, mita 2 hadi 2.4, na rili ya kawaida ambayo breki yake ukiizungusha inabadilika kweli. Jaribu dukani: funga laini mahali, vuta. Ikitoka kwa kurukaruka badala ya kutoka polepole, hiyo rili itakukatia laini siku ya samaki mkubwa.

7. Koleo la kutolea ndoano, kitambaa kizito au glavu, kisu, tochi ya kichwani hata kama hupangi kukaa usiku, na gunia safi.

Sasa jinsi ya kupanga. Laini kuu ipitishe kwenye tundu la chubwi ili chubwi iteleze. Funga kiungo cha kuzunguka mwishoni. Upande wa pili wa kiungo funga kile kipande kinene, na mwisho kabisa ndoano. Kambare akichukua chambo, laini inateleza ndani ya chubwi na hasikii uzito. Akisikia uzito anatema. Hiyo ndiyo siri nzima. Kama unatumia plagi ambayo haina tundu la kupitisha, ifunge kwa kamba nyembamba dhaifu kwenye kapete kadogo kanakoteleza, ili ikikwama kwenye mawe ikatike yenyewe na samaki abaki.

Na fundo? Jifunze moja tu. Pitisha laini kwenye jicho la ndoano, irudishe na uizungushe juu ya laini yenyewe mara tano, ingiza ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na jicho, kisha uipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, kaza polepole. Mate si ushirikina. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika. Samaki wengi wanaopotea huwa hawakukata laini. Fundo lilifunguka.

Chambo: jikoni kwa mama ndio duka lako

Kambare anafuata harufu. Kwa hiyo kitu chochote chenye harufu na kinachokaa kwenye ndoano kinafaa:

- Minyoo minene ya shambani. Ronge Juu kuna udongo mweusi wenye unyevu, hapo kando ya migomba chimba uone. Weka kwenye kopo lenye udongo wake na majani, funika, usianike juani.
- Matumbo ya kuku na maini. Matumbo yanakaa vizuri kuliko maini. Maini yafunge na uzi, la sivyo yanatoka ukirusha.
- Omena. Tatu au nne kwa ndoano moja, zilizolowekwa kidogo.
- Kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakaruka, hata samaki wanajua. Msimu huo usihangaike na kitu kingine.
- Kipande cha sabuni ya mche. Ndio, sabuni. Wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika huitumia kwa kambare kwa sababu ya mafuta yake. Tumia kama mpango wa pili.

Kwa tilapia, ugali mgumu uliokandwa na maji kidogo, au mnyoo mdogo.

Kitu kimoja cha kuacha: usibebe samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale ili awe chambo. Utaelewa tukifika Chala.

Maji: kutoka Ronge unaenda wapi?

Tuseme ukweli wa nyumbani. Ronge ni milima na msitu. Tuna ukungu, tuna vijito, tuna mandhari ya kupiga picha, lakini ziwa hatuna. Vijito vyetu ni vya kunywa na kumwagilia mboga, si vya kutafutia samaki wa kilo tatu. Kwa hiyo chaguo ni hizi.

*Bwawa la mtu.* Hapa ndipo pa kuanzia kama hujawahi kushika fimbo. Kuna watu kaunti nzima wamechimba mabwawa ya tilapia na kambare. Serikali yenyewe ilisukuma ufugaji wa samaki sehemu nyingi za Kenya kupitia mpango wa kuinua uchumi ulioanza 2009. Ongea na mwenyewe vizuri: "Shikamoo mzee, naomba kuvua mawili matatu, nitalipa kwa kilo." Wengi watakubali. Hakuna mamba, unajifunza kufunga fundo na kusoma laini, na hata ukikosea unakosea karibu na nyumbani.

*Silanga za nyika.* Ukishuka Ronge Nyika na kuelekea tambarare, kuna silanga za kunyweshea mifugo, na nyingine zina kambare waliojiingiza na mafuriko. Shida hapa ni ndovu. Wakati wa kiangazi wanatoka mbugani kutafuta maji, na saa zao ni zile zile za kambare: jioni hadi alfajiri. Kwa hiyo silanga ni ya mchana, ukiwa na mtu wa hapo. Ukiona kinyesi kibichi na matope yamekanyagwa asubuhi hiyo, geuka urudi. Hakuna kambare wa kufidia hiyo.

*Mto Lumi.* Maji yake yanatoka upande wa Kilimanjaro, yanapita Taveta na kuingia Ziwa Jipe. Kwa mvuvi wa fimbo huu ndio mto wenye maana zaidi upande wetu. Tafuta kona ambapo maji yanapunguza kasi, chini ya kingo zilizochimbika, penye mizizi. Kambare hulala hapo mchana. Kaa mbali na mifereji ya wakulima na vyanzo vya maji ya nyumbani, maana hapo ukileta matumbo ya kuku utapata kesi na kijiji kizima, na watakuwa wana haki.

Kufika: shuka Mwatate kwa nduthi au mathree, halafu chukua gari za Voi–Taveta. Kutoka Mwatate ni zaidi ya kilomita 80, lami, unapita Bura na Maktau kisha unakatiza Tsavo West. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta, magari yanajaa haraka kwenda, lakini kurudi na gunia la samaki ukiwa umebanana na magunia ya vitunguu ni story nyingine.

*Ziwa Jipe.* Hili ndilo lenyewe. Liko kusini mwa Taveta, mpaka wa Kenya na Tanzania unalipita katikati, na ng'ambo unaona milima ya Upare. Ni ziwa la kina kifupi, wastani wake haufiki mita 3, na kingo zake zimejaa matete na mafunjo. Hayo matete yamekuwa yakila ziwa mwaka baada ya mwaka, udongo ukiletwa na mito kutoka juu, na wavuvi wanalazimika kufungua njia za mitumbwi katikati yake. Kwa kambare, ukingo wa matete ndio supamaketi. Kwa wewe, ukingo wa matete ndio mahali ambapo huoni kilicho mbele.

Kwa hiyo Jipe usiende peke yako, na usitafute mahali pako mwenyewe. Fika kwanza kwenye ufuo wa wavuvi, uliza BMU, ambacho ndicho kikundi rasmi cha kusimamia ufuo, jitambulishe na ulipe kinachohitajika. Mvuvi wa pale anajua kiboko yupi analala wapi. Wewe hujui. Upande mwingine wa ziwa unapakana na mbuga ya Tsavo West, na huko kuvua bila ruhusa si uvuvi tena, ni kesi.

Jipe pia ina tilapia wake ambaye hupatikana tu katika maji ya bonde hili la Pangani. Wanasayansi wanamwita *Oreochromis jipe*, na yuko katika hatari ya kuisha. Ukivua tilapia wadogo, warudishe. Kambare ndiye wa kujaza gunia.

*Ziwa Chala.* Nenda ulione, ni zuri kupita maelezo. Maji ya buluu ndani ya shimo la volkano kaskazini mwa Taveta, kina chake kinapita mita 90, kingo zimesimama kama ukuta. Lakini kama ziwa la fimbo, nakushauri uliache. Kushuka ni noma, kupanda na mzigo ni noma zaidi, na chini hakuna pa kukimbilia. Mwaka 2002 msichana wa miaka 18 kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea hapo, baada ya watu kuambiana kwamba ziwa halina mamba. Ukisikia "hapa hakuna mamba", uliza swali moja: nani amehesabu?

Halafu Chala ina tilapia wake, *Oreochromis hunteri*, ambaye duniani kote anaishi ndani ya hilo shimo moja tu. Tilapia wa kigeni walishaingizwa humo na sasa wanamsonga. Hii ndiyo sababu ya ile sheria ya chambo hai: ndoo moja ya samaki wageni inaweza kumaliza kitu ambacho hakipo mahali pengine.

*Ya kuacha kabisa.* Mzima Springs, Mto Galana ndani ya mbuga, na Bwawa la Aruba lililojengwa 1952 kwenye Mto Voi, ndani ya Tsavo East. Usijiambie "nitaingia dakika kumi". Kuingia mbugani bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na hata kabla askari hawajakupata, simba anaweza kuwa wa kwanza.

Saa ya kwenda: hapa ndipo watu hukosea

Sasa turudi kwenye ile shida. Kambare anakula usiku. Kiboko naye anatoka majini magharibi kwenda kula nyasi, anarudi alfajiri. Mamba anawinda vizuri zaidi gizani. Kwa hiyo ukifuata ushauri wa video za Afrika Kusini za kulala ukingoni na taa, unajipeleka kwenye meza ambayo wewe ndiye chakula.

Dawa yake ni zile ndevu. Kambare haitaji mwangaza wala giza, anahitaji harufu. Maji yakichafuka, mchana kwake unakuwa kama usiku. Kwa hiyo:

- Nenda siku moja au mbili baada ya mvua, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi kwetu, kisha masika, Machi hadi Mei.
- Siku ya mawingu ni bora kuliko siku ya jua kali.
- Mchana wa jua, tupa chambo kwenye kivuli na penye kina, si mahali wazi.
- Saa bora bila kujitafutia ngori ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili kasoro. Weka alamu ya simu saa kumi na moja na nusu. Ikilia, unakunja laini. Hata kama ndio wameanza kushika. Hasa kama ndio wameanza kushika, kwa sababu hapo ndipo kila mtu husema "moja ya mwisho".

Ukiwa ukingoni: usisimame ndani ya maji, hata ya kifundo cha mguu. Kaa hatua kadhaa nyuma. Usirudi kuchota maji mahali palepale mara kwa mara, mamba husoma ratiba. Usioshe wala kupasua samaki ukingoni. Usifunge samaki uliowapata kwenye kamba majini karibu na miguu yako. Na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akishtuka anakimbilia majini, na haombi njia. Watoto wabaki nyumbani.

Ameshika! Sasa?

Kambare hagongi kama muskie. Anaanza kwa kugusagusa, halafu laini inaondoka polepole kama mtu anayeiba kuku. Na ndoano ya kawaida, subiri laini iende kidogo kisha inua fimbo kwa nguvu ya kadiri. Na ile ya duara, kaza tu taratibu.

Atajaribu kuingia kwenye mizizi. Usimpe laini bure, elekeza fimbo upande ulio wazi na umvute pembeni, si juu. Akija karibu usiiname kumshika majini. Mburute mpaka nchi kavu, mbali na maji, ndipo umsogelee.

Kila pezi la ubavuni, nyuma ya kichwa, lina mwiba mgumu. Akiufungua na kujipinda, unachana kiganja vibaya. Mshike kwa kitambaa kuanzia nyuma, vidole vyako vikiwa nyuma ya hiyo miiba. Kama unamrudisha, fanya haraka. Kama unamla, mpige kichwani mara moja kwa rungu, usimwache ahangaike kwenye gunia masaa matatu. Kumbuka anapumua hewa, hafi haraka kama tilapia. Ni ubinadamu, na nyama pia inakuwa bora.

Sheria kwa kifupi

Uvuvi Kenya unasimamiwa na sheria ya 2016 ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi. Kwa fimbo na ndoano unahitaji leseni, kwa hiyo kabla ya safari pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize ya aina yako na bei ya sasa. Neti za mbu, sumu na nyavu za nailoni za uzi mmoja ni marufuku. Na kwa sababu Jipe na Chala ni za mpakani, ukiingia mtumbwi hakikisha mwenye mtumbwi anajua mpaka uko wapi.

Kufika nyumbani na samaki mzuri

Ronge ni mbali na Jipe, na joto la tambarare halina huruma. Mpasue mbali na maji, toa matumbo na matamvua, mpake chumvi ndani, mfunge kwa majani mabichi au gunia lenye unyevu. Ukipata wa kumkausha kwa moshi palepale ufuoni, lipa, ni pesa imeenda vizuri.

Ule utelezi wa ngozi usikutishe. Sugua na jivu au chumvi, mwagia maji moto kidogo, utatoka. Harufu ya tope inaisha ukimloweka kwenye maji ya limau na chumvi kabla ya kupika. Halafu nazi, nyanya, pilipili, ugali. Basi.

Ila dokezo moja la kifamilia: kambare hana magamba, na Wasabato hawali samaki asiye na magamba. Kama mama mkwe ni Msabato, mpelekee tilapia. Usije ukasema hatukukwambia.

Kama utakumbuka vitu vitano tu

1. Nailoni ya 0.40 hadi 0.50, kipande kinene mwishoni, ndoano ya 2/0 kwenda juu. Fimbo ni anasa.
2. Chambo chenye harufu kinashinda chambo kinachong'aa.
3. Anza kwa bwawa la mtu, nenda Lumi, kisha Jipe na wenyeji. Chala ni ya macho.
4. Maji machafu mchana ni bora kuliko maji safi usiku.
5. Alamu ikilia saa kumi na moja na nusu, unakunja. Kambare wa kesho atakuwepo. Wewe pia uwepo.

Na huyo binamu wa Minnesota? Mtumie picha ya kambare wako juu ya sinia, ugali pembeni. Muskie wake yeye alimrudisha majini akalala njaa.